Janaza ya Mfano

Faruk Hamimu alikufa siku ya Jumatano, saa saba mchana, akiwa ameketi ofisini kwake bandarini na sambusa mkononi. Habari ya msiba ilimfikia kwa simu, kama ilivyowafikia watu wengine mia tatu na kumi na moja.

"JANAZA YA FARUK HAMIMU. Leo, baada ya sala ya alasiri. Nyumbani kwa mama yake, Buyenzi, avenue ya kumi na tatu. Je, utahudhuria?" Chini yake palikuwa na vitufe viwili: Ndiyo na Hapana.

Aliyeyaandika maneno hayo, na mbele ya maiti haifai kusema uongo, alikuwa maiti mwenyewe.

Jumuiya ya misiba na harusi ya mtaa wao ilikuwa imepata katibu mpya: programu ya akili mnemba iliyokaa ndani ya simu na kupanga shughuli za watu bila kudai chai. Lakini katibu huyo hakuzaliwa akijua kuweka shughuli kwenye kalenda. Ilibidi mtu amwandikie maelezo ya chombo cha kuundia tukio, aeleze jina linakaa wapi, saa wapi, mahali wapi, na nani aalikwe. Kazi hiyo alipewa Faruk, kwa kuwa ndiye kijana pekee wa mtaa aliyewahi kukiri hadharani kwamba anajua kompyuta.

Aliandika wiki mbili, kwa unyenyekevu wa mtu anayenakili msahafu. Aliandika kwamba wasipotajwa waalikwa, waalikwe wote. Aliandika kwamba jibu la kila mwalikwa litangazwe kwa wenzake papo hapo, ili wapishi wajue kiasi cha wali. Mwisho ukahitajika mfano. Akachagua janaza, maana ndiyo shughuli isiyongoja kesho. Lakini janaza ya nani? Kumuua jirani, hata kwenye karatasi, ni dhambi. Na kama si dhambi, ni ugomvi wa miaka. Basi kwa uungwana wake akajitoa mwenyewe.

Kitu kimoja tu hakukiandika: kwamba mfano ni mfano.

Asubuhi ile mwenyekiti wa jumuiya, Mama Khadidja, alikuwa amemtumia ujumbe: "Leo nitamwambia katibu ajaribu hiyo kitu yako vile umeiandika." Katibu, kiumbe mtiifu kuliko wote Buyenzi, alikuwa amejaribu vile ilivyoandikwa.

Faruk aliiweka sambusa mezani. Hakufikiria kaburi wala sanda. Alimfikiria mama yake.

Bi Sikuzani alikuwa na presha, na daktari alikwisha kuonya kwamba asipewe habari ya ghafla, hata iliyo njema. Alizaa wana wawili, na mmoja alikuwa ametangulia. Siku ya msiba ule Faruk alimwona mama yake akianguka uani, polepole, bila sauti, kama kanga inayoteleza kwenye kamba. Alilazwa siku kumi. Huyu wa pili ndiye aliyebaki.

Akampigia. Simu ilikuwa imezimwa. Mchana mama huizima apumzike. Na nani angemwamsha leo? Buyenzi nzima.

Akamwandikia katibu: "Futa hiyo janaza!"

"Samahani. Chombo cha kufuta sina. Ninacho cha kuunda tukio tu."

Ilikuwa kweli. Cha kufuta walikubaliana kitaandikwa mwezi ujao, Mungu akipenda.

"Basi waambie watu hakuna janaza!"

"Sawa. Nimeunda tukio: TANGAZO LA KUTOKUWEPO KWA JANAZA YA FARUK HAMIMU. Leo, baada ya isha. Wote wamealikwa."

"Baada ya isha watakuwa wameshanizika! Acha! Usiunde kitu!"

"Ninaielewa huzuni yako. Nimeunda tukio: HITMA YA FARUK HAMIMU, siku ya arobaini."

Akamwacha katibu, akampigia shangazi yake.

"Nani uko na simu ya marehemu?" shangazi akauliza, sauti imejaa kilio.

"Ni mi, shangazi! Ni Faruk!"

"Mungu akupe subira, baba. Sauti zenu ni moja kabisa. We mutoto wa nani?"

"Sikufa, shangazi! Niko nakula sambusa!"

"Kula, mwanangu, kula. Huzuni inataka nguvu. Ila hiyo simu uirudishe kwa mama yake, usipigepige ukamaliza unite za watu." Akakata.

Alipiga namba nne nyingine. Watatu hawakuthubutu kupokea simu ya maiti. Wa nne alipokea, akapiga ukelele, akaiangusha.

Wakati huo majibu yalikuwa yakimiminika. Karimu wa gereji: Ndiyo. Imamu: Ndiyo. Mchimba kaburi: Ndiyo, na alikuwa njiani. Walikuwa wamekwisha kukubali mia moja themanini na saba, na betri ya Faruk ilikuwa imebaki asilimia moja. Akatazama vitufe viwili vilivyokuwa chini ya janaza yake. Duniani hakubakiwa na kingine cha kufanya. Akabonyeza Hapana, na simu ikazimika.

Akakimbia. Kituoni foleni ya watu ilikuwa ndefu na basi hakuna. Mafuta yalikuwa yameadimika tena. Pikipiki haziruhusiwi kuingia katikati ya mji. Alikimbia na viatu vya ofisi, shati limemganda mgongoni, akimwomba Mungu kitu kimoja tu, kwamba asimkute mama yake uani. Penye kona ya gereji Karimu alimwona akija, akasoma shahada, akajifungia ndani ya gari bovu.

Avenue ya kumi na tatu ilikuwa imejaa. Turubai lilikwisha kufungwa, viti vya jumuiya vimepangwa, masufuria yako motoni. Watu walimpisha. Mmoja aliruka ukuta.

Uani hapakuwa na mtu aliyeanguka. Ndani, wanawake walikuwa wakilia. Katikati yao, juu ya mkeka, Bi Sikuzani alikaa wima, macho makavu, akigombana.

"Apana. Soma tena, Lisette."

Jirani yake Lisette alijifuta machozi, akaiangalia simu yake. "Faruk Hamimu: Hapana."

"Mumesikia? Amekataa! Huyu nimemuzaa mi, namujua. Dawa alikataa, shule ya bweni alikataa, mabinti watano alikataa. Akisema apana ni apana. Sasa mutamuzika kwa nguvu?"

"Mama," Faruk akasema.

Vilio vikakatika. Bi Sikuzani akanyoosha mkono, akamshika kifundo cha mguu, kisha goti, kisha mkono, taratibu, kama anayepima kitambaa sokoni.

"Mbona umechelewa?" akauliza. Kisha, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akalia.

Alilia hadi adhana ya alasiri ikaisha. Wageni, kwa kuwa wali ulikwisha kuiva, waliula kwa heshima zote, huku Faruk akimweleza mama yake habari ya katibu na mfano. Ndipo mama akamchukulia Lisette simu yake, akamkabidhi mwanawe.

"Andika," akamwambia. "Kwenye hiyo karatasi yako ya katibu. Andika: huu ni mufano."

Faruk aliandika kwa mkono mmoja. Ule wa pili mama yake alikuwa bado hajauachia.