Nyundo Namba Arobaini na Saba

Wiki ile sikukaa kitini hata dakika kumi mfululizo. Bosi wangu wa idara ya misitu alitaka maelezo ya jambo moja tu: kwa nini jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka, wenye msitu usiotosha hata kuficha mbuzi, wanauza magogo mara tatu ya yetu katika kisiwa kimoja kidogo kisicho na mti wa maana. Nililinganisha takwimu za nchi zote mbili mpaka zikaanza kunicheka. Nilijumlisha upya, nikaenda dirishani, nikarudi. Hazikukubali. Mti haumei kwenye karatasi.

Alhamisi, mfanyabiashara mmoja wa kisiwani akatuletea sampuli mbili zilizokatwa kwenye ncha za magogo, moja yetu, moja ya jirani, tuone wenyewe kwamba ubora ni ule ule. Nikaigeuza ile ya jirani. Palikuwa na alama ya nyundo: pembetatu, na ndani yake 47.

Kila afisa misitu wetu ana nyundo yake yenye namba, anayogongea gogo aliloruhusu likatwe. Hakuna namba mbili zinazofanana. 47 niliijua kabla sijajua kusoma saa. Ni ya kaka yangu, aliyenilea baada ya wazazi kufariki. Siku alipokabidhiwa nyundo ile aliijaribu kwenye kigoda changu, na kwenye kigoda hicho ndipo nilipoketi kujifunza kuandika. Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni. Gogo lilikatwa kwetu, likavushwa mpakani kimyakimya, likapewa uraia mpya, likapanda meli.

Nikampigia simu. Aliniuliza hali, watoto, mvua. Nilipotaja namba, akasema nyundo iliibwa mwaka juzi. Nikamkumbusha kwamba Jumapili iliyopita wifi aliitumia kupigilia msumari wa kalenda, na kalenda niliishika mimi. Nilitamani anidanganye vizuri zaidi.

"Hicho kipande kina unene gani?" akauliza.

"Inchi nne."

"Basi toa inchi moja tu, mdogo wangu. Nimebakiza miezi minne nistaafu, utakubali nikaimalizie jela? Damu ni nzito kuliko maji."

Nikakibeba mpaka uani kwa fundi seremala wa ofisi. Akakibana, akaweka msumeno inchi moja nyuma ya alama, akaniuliza kama akate. Nikazunguka ua. Nilimpenda kaka, nampenda hata sasa, na nilimkasirikia mpaka meno yakaniuma. Nilipopita mara ya tatu fundi alijikuna kisogo.

"Dada, ukimaliza kupima ua utaniambia."

Nikamwambia asikate.

Nilikiweka mezani kwa bosi, alama ikiwa juu. Nikamweleza kwamba jirani hana cha kutuzidi, anauza miti yetu. Alikitazama kwa muda, kisha akavuta daftari la namba za nyundo. Sikutaka amsome kaka yangu mule.

"Usihangaike kutafuta," nikasema. "Ni ya kaka yangu. Tumbo moja."

Bosi akavua miwani. Hakunipongeza, na ningemchukia kama angenipongeza.

Jioni simu iliita mara tisa, zote za wifi. Sikupokea hata moja. Niliingia jikoni, nikapakua chakula, nikakikuta kigoda chenye 47 mahali pake pa siku zote.

Nilikula nimesimama.