Kisanduku Nyuma ya Televisheni

...na soksi zenyewe ndizo hizo, moja imetoboka, dole gumba liko nje na ukucha wake mnene wa njano, na mimi sakafu hii nimeipiga deki asubuhi kwa dawa, sasa kila anapokanyaga anaacha unyayo wa jasho, naona mmoja unakauka taratibu kwenye vigae, mwingine unakuja, kinyaa kitupu, na yeye hana habari, fundi wa watu kainama nyuma ya televisheni makalio juu, anavuta nyaya, vumbi linatoka huko, na mavi ya mjusi, na mende mkavu kalala chali, anamwinua kwa kidole, kwa kidole jamani, ananionyesha kama vile mimi ndiye niliyemfuga, “Huku nyuma kuna wapangaji, mama,” anacheka, nami nacheka kwa meno tu, maliza uondoke baba, maliza uondoke... halafu kidole hichohicho anakipitisha kwenye kisanduku, kipya, cheupe, ndio kwanza kimetoka kwenye boksi, na ni dada yangu aliyekinunua, dada mkubwa, hakuniuliza, kapiga simu mapokezi hotelini ninakofanya kazi akaniachia ujumbe kwa yule binti wa zamu, mwambie kesho asitoke nyumbani, namtumia fundi, na saa kumi kamili nitampigia, apokee... apokee, imeandikwa hivyo kwenye kikaratasi, na yule binti kaipigia mstari, umbea tu, “Nyumba iko bondeni, kuta nene, minara haifiki, si kosa lako,” fundi anasema akiwa huko chini, “lakini intaneti yako ya waya ni nzuri, basi hiki kisanduku kinachomeka kwenye rauta, kinageuka mnara mdogo wa humu ndani, simu inapita kwenye waya, vistari vinajaa mpaka chooni,” haya, asante, mpaka chooni, ndicho nilichokuwa nakikosa maishani, kufuatwa mpaka chooni.

Taa inapepesa nyekundu, anasema nisubiri igeuke kijani, dakika tano, kumi, inategemea, na saa ya ukutani inasema kumi kasoro robo... Jumatatu wanamkata mama mguu, hapo chini ya goti, kidonda cha sukari kimekataa kupona, na mama kagoma, kawaambia madaktari hatii sahihi mpaka asikie sauti ya kitinda wake, kitinda ndiye mimi, kitindamimba wa miaka arobaini na saba, na dada anasema kila siku inayopita sumu inapanda, inapanda, na wewe huko mtandao wako haupatikani, mtandao gani huo mdogo wangu usiopatikana miezi minne, nami namwambia kwa simu ya mapokezi, ile ya dakika mbili za dharura, ndiyo hivyo dada, nyumbani minara haifiki, kazini simu tunaziacha kabatini, mama naye ana simu ya vitufe tu, haina mambo ya picha wala intaneti, nifanyeje, nipande juu ya bati? Ulimi wangu laini, sikwami hata mahali pamoja, ungenisikia ungenihurumia.

Anajikuna. Anajikuna kwapani kisha anashika rimoti yangu.

Na ajabu mimi si mtu wa kinyaa, waulize kazini, miaka kumi na tisa chumba cha kufulia, nikapanda mpaka usimamizi, mashuka ya watu nisiowajua, damu, matapishi, taulo ambazo wasichana wapya wakiziona wanakimbilia mlangoni, mimi nazichambua kwa mkono huku naongea habari za harusi, hii kwenye maji baridi, hii loweka, hii tupa, wananiita Bibi Pua Chuma, nami jina nalifurahia, basi niambie, pua ya chuma ilikwenda wapi siku ile, miezi minne nyuma, nilipoingia chumbani kwa mama, dada anafungua bandeji, na ile harufu... tamu, ndiyo iliyonishinda, utamu wake, nyama inaoza inatoa utamu, na usaha umegandia kwenye kitambaa, dada anavuta polepole, na mkono wangu ukaenda puani wenyewe, sikuutuma, ukaenda, na mama alikuwa hatazami kidonda, alikuwa ananitazama mimi, “Nanuka, mwanangu?” nikasema hapana mama, nikasema hapana na kiganja kiko puani, sauti ikatoka ya mafua, halafu nikasema nakwenda kuchukua maji, nikaenda mpaka stendi, sikurudi na maji wala na nini, nikamwachia dada beseni, bandeji na mama... mtu anayejiita mtoto wa mtu.

“Mama, naomba simu yako, nione kama imekikubali kisanduku.” Nampa. Ananyonya kidole gumba, anafuta kioo, Mungu wangu, mate, anafuta kioo cha simu yangu kwa mate, anapekua, anapekua, kisha anatulia, na kutulia kwake sikupendi. “Mbona hii imezimwa?” Nini imezimwa. “Hii ya kupiga kwa waifai, simu ya kawaida inapita kwenye intaneti bila mnara. Simu yako inayo, haikuwa na haja ya kisanduku hata kidogo. Si mimi niliyekuja kuweka intaneti mwaka juzi? Niliiwasha mwenyewe, tukajaribu, tukampigia bibi, mama yako, nilikuwa nimesimama hapahapa.” Nasema labda watoto. “Kuna watoto humu?” Labda mgeni basi, labda ilijizima. “Haijizimi, mama,” anasema, bila ubaya, kwa sauti ya fundi anayesema koki haijifungi, na macho yake yananipanda usoni mara moja tu kisha yanarudi kwenye kioo, kaona, huyu mwenye soksi iliyotoboka kaniona, na uso wangu unawaka moto... usiku ule ule niliotoka stendi, kabla hata sijavua viatu, nilikaa kwenye kile kiti, nikatafuta, nikaizima, kidole kimoja, ilichukua muda mfupi kuliko kuzima jiko, nikalala, na nililala vizuri, hilo ndilo linalonitia kichefuchefu kuliko yote, nililala vizuri.

Na asubuhi nikaanza kuutangaza ubovu wa mtandao, na mama akaubeba, dada kanieleza kwa hasira, kila ndugu akininyooshea kidole mama anamkatiza, msimlaumu mwanangu, kule kwake bondeni minara haifiki, hata mchungaji kaambiwa, hata daktari, minara haifiki... lakini ngoja. Ngoja kwanza. Siku ya majaribio fundi alimpigia mama kutoka chumba hiki, akampa salamu, akamweleza yote, bibi, sasa mwanao utampata akiwa kitandani, akiwa jikoni, shida ya minara imekwisha, na mama alicheka, nilimsikia, akasema unasikika kama umekaa hapa kwenye mkeka wangu, na tangu siku ile tuliongea kila jioni mwaka mzima na nusu, kila jioni, kutoka kwenye kiti kile, neno halikukatika... Anajua. Mama anajua. Tangu siku ya kwanza anajua kuwa mtandao upo, na anajua kwa nini haupo, aliuona mkono wangu ukienda puani, akauchukua uongo wangu, ukawa wake, anawauzia ndugu, anawauzia madaktari, mguu unaoza huku ananisitiri mimi, miezi minne, na mimi hapa ninahesabu nyayo za jasho za mwanamume anayefanya kazi yake.

Kichefuchefu kiko palepale, hakijatoka, ila kimegeuka, kimenitazama. Nanuka mimi. Naisikia harufu yangu kabisa, tamu.

Taa bado inapepesa nyekundu, saa inasema kumi kasoro dakika nane, fundi bado kachuchumaa na simu yangu mkononi, kidole kiko juu ya kile kitufe, hakibonyezi, anasubiri, “Niiwashe, mama, au tungoje kisanduku?” na nataka kumwambia washa, washa hiyo, washa na kisanduku, washa vyote, kwa sababu saa kumi mama atauliza, namjua, hataanza na mguu wala na sahihi, ataanza na lile swali lake, nanuka, mwanangu, na safari hii nitamjibu ndiyo mama, unanuka, nami nakuja leo kukufunga bandeji.