Pikapu Isiyo na Mwenyewe

Mama yangu, Nambozo, alikuwa akiuza malewa kando ya barabara pale Namatala, mjini Mbale, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi. Jumanne moja ya Machi 1996, pikapu nyeupe iliyojaa kabichi ilikosa breki, ikaacha barabara na kumpanda yeye na meza yake. Dereva, mtu aliyeitwa Ronnie, aliruka akakimbia, na mpaka leo hajaonekana. Hospitalini walimkata mama mguu wa kulia. Wiki ya pili kidonda kikaanza kuoza. Mimi, Racheal, mwanawe wa pekee, ndiye niliyekuwa nikibadilisha bandeji, na ile harufu nilikuwa nalala nayo puani.

Afande Night, mwanamke wa trafiki pale Mbale, alinieleza mambo yalivyo.

"Dereva amepotea, lakini aliyemtuma anaweza kushtakiwa. Kadi ya gari ina jina la Geresom, mwanajeshi mstaafu, anakaa Mafubira huko Jinja. Nenda umsikie anasemaje."

Nilimkuta Geresom barazani akila samaki. Hakuinuka.

"Hiyo gari si yangu, binti. Nilishauza Januari."

Mwishowe akaingia ndani, akaniletea karatasi ya mauzo. Alikuwa ametangaza redioni kwamba ana pikapu ya kuuza, akaja mtu wa Mbale asiyemjua, Siraj, mfanyabiashara wa kabichi. Wakaandikiana hapo hapo uani, bila shahidi. Alinionyesha mstari wa mwisho kwa kidole chenye mafuta: gari limeuzwa kama lilivyo.

"Umeona? Kama lilivyo. Mimi nimetoka kabisa." Kisha akauliza, "Mama walimkatia wapi? Juu ya goti ama chini?"

"Juu."

"Aa. Ya chini ndiyo afadhali," akasema, akaanza kunyonya kichwa cha samaki.

Nilirudi Mbale nikaenda moja kwa moja kwa Siraj. Alikuwa amekaa mbele ya stoo yake, nadhifu, ananukia marashi.

"Pole sana, dada yangu. Lakini kadi ina jina la nani?"

"La Geresom."

"Basi mimi unanitafutia nini? Serikali inaangalia kadi. Jina halijabadilishwa, gari bado ni lake."

"Lilikuwa limebeba kabichi zako."

"Niliazima tu."

"Na dereva wako Ronnie?"

"Ronnie yupi?"

Wapakizi waliokuwa nyuma yake wakacheka. Ronnie alikuwa amekula nao chakula cha mchana kwa miezi miwili.

Nikamrudishia Afande Night habari hizo.

"Kwa hiyo gari halina mwenyewe," akasema. "Vizuri. Lisilo na mwenyewe linaombewa amri ya mahakama, linauzwa."

Akaandika tangazo, akalibandika ukutani na kulipeleka redioni: asiyejitokeza na kuthibitisha kwamba gari ni lake asije kulalamika baadaye. Pikapu, iliyokuwa uani pale kituoni, ilikuwa imebonyea mbele tu. Injini yake ilikuwa nzima, na matairi mapya.

Siku ya tatu nilikuwa kituoni na fomu za hospitali nilipowaona wote wawili. Geresom alikuwa amevaa suti, ametoka Jinja alfajiri. Siraj alikuwa na kanzu nyeupe. Walikuwa wanagombana mbele ya kaunta, kila mmoja akipiga kelele kwamba gari ni lake. Mimi walinipita kama kiti.

"Kila mtu aandike," akasema Afande Night. "Gari ni lako kwa nini, na unalijua vipi. Atakayelijua zaidi tutamwona."

Wakaandika kama watoto kwenye mtihani. Kisha akawasomea kwa sauti.

Geresom alikuwa ameandika: "Kadi ni yangu, na huyu hajamaliza kulipa. Gari nalijua kila mahali. Bomba la breki lilipasuka Desemba, nikalifunga mimi mwenyewe kwa mpira na waya."

Na Siraj: "Gari ni langu tangu Januari. Dereva Ronnie nilimwajiri mimi, na siku ile nilimtuma mimi apeleke kabichi."

"Ndivyo ilivyo?"

"Ndivyo, afande," wakajibu pamoja, wakatia sahihi.

Mwezi wa Agosti karatasi hizo mbili zilikuwa mezani kwa hakimu. Alimwambia Siraj kwamba jina kwenye kadi halimwokoi: gari lilikuwa mkononi mwake na dereva alikuwa kwenye kazi yake. Akamgeukia Geresom. "Haya maneno 'kama lilivyo' ni kati yako na mnunuzi, na hata kwake hayafuniki breki mbovu uliyoificha ukijua. Mama aliyekaa kando ya barabara hakutia sahihi chochote." Akaamuru wote wawili walipe fidia, na pikapu iuzwe kwa ajili ya mama.

Nilidhani nitafurahi. Nje niliwakuta wamesimama pamoja wanacheka, wanapanga kukata rufaa kwa kutumia wakili mmoja ili iwe rahisi. Geresom akaninyooshea mkono.

"Binti, tusameheane. Mungu ndiye alipanga."

"Na kweli," akaongeza Siraj, "mama naye angekaa ndani kidogo, si pale barabarani."

Nilitema mate chini, katikati ya viatu vyao. Sijawahi kufanya hivyo mbele ya watu wazima, na mate yale niliyaona machache.

Nyumbani nilimsimulia mama hukumu yote. Alisubiri nimalize.

"Walikuuliza habari zangu?"

"Mmoja aliuliza walikukatia wapi."

"Basi?"

"Basi."

Akaniomba nimgeuze upande wa pili, mgongo ulikuwa unamchoma.