Mparachichi wa Tutani

"Usikate simu, kaka. Tazama mwenyewe," alisema Vaileth, akaigeuza kamera.

Godlisten aliegemea foklifti yake katikati ya ghala, kule Hayes, akakikodolea macho kioo cha simu. Lo! Mtu unakaa London miaka mingi ukidhani umeshazoea, kumbe picha ya nyasi za kwenu inatosha kukurudisha utotoni. Ilikuwa ndiva yao, bwawa dogo la udongo huko juu milimani Upareni, lililochimbwa na mababu kwa majembe. Mpaka leo ndilo linalolisha mabomba ya kijiji kizima. Na chini ya tuta lake, pale penye nyasi mbichi kupita kiasi, maji yalikuwa yakibubujika.

"Juzi yalitoka meupe," alisema mdogo wake. "Leo yametoka na udongo. Unaiona rangi hiyo?"

Aliiona. Ilikuwa rangi ya chai ya maziwa, na maana yake aliijua, kwani hakuna mtoto wa kule asiyeijua. Maji meupe ni tuta linatoa jasho tu. Yakitoka na udongo, basi tuta linaliwa kwa ndani. Na chini ya tuta kuna nyumba za watu, ya kwanza ikiwa ya Vaileth.

"Mhandisi amefika?"

"Alikuja asubuhi. Anasema mvua za vuli zikitukuta hivi, tumekwisha. Maji tumeshayafungulia yapungue. Shida ni mizizi ya ule mparachichi, kaka, imepenya mpaka upande wa pili." Akawaelekezea watu kamera. "Watu wamekuja msaragambo, kijiji kizima kwa kazi ya pamoja, mashoka wanayo. Lakini hakuna anayekubali kuanza. Wanasema mwenye mti hajatoa neno."

Mwenye mti! Jamani, maneno mengine yanauma kuliko tusi.

Mama yao alipofariki, karatasi za Godlisten zilikuwa bado hazijatoka. Angetoka Uingereza asingeweza kurudi. Alizika kwa simu, sauti inakatika, mara wimbo, mara kimya. Hakukaa matanga. Hakutupa hata konzi ya udongo kaburini. Akalia akaomba kitu kimoja tu: wampandie mama mparachichi juu ya tuta, pale alipopenda kukaa akipumzisha mgongo. Na watu wale, wanaojua vizuri kwamba mche wowote tutani hung'olewa ungali mwembamba kama kidole, walitazamana wakanyamaza. Nani angemkatalia mfiwa anayelia peke yake huko ng'ambo? Wakapanda. Wakauwekea na uzio wa fito mbuzi wasiuguse. Kila msimu walimtumia picha za maparachichi, naye akazionyesha kazini kama mtu anavyoonyesha picha za wajukuu.

Ajabu ni kwamba hata yeye alijua. Siku za msaragambo, mama ndiye aliyetambaa kwa magoti juu ya tuta lile, anachomoa miche na kuitupa kwenye kanga, huku akiwatania wanaume wanaosinzia. Godlisten alikuwa akimfuata nyuma, magoti yake madogo yamejaa matope, na harufu ya udongo ule ilikuwa tamu kuliko mkate. Aliikumbuka sasa, kati ya maboksi, na moyo ukamuuma kwelikweli.

"Godi, supavaiza anazunguka huku," ilisema sauti nyuma yake. Alikuwa Jaswinder, dereva mwenzake, Singasinga mzaliwa wa Nakuru. "Kuna nini, msiba?"

"Kuna mti unataka kukatwa."

"Sasa si ukatwe? Mti ni mti, bwana."

"Kaburi la mama liko kule kwa wote, Jaswinder. Mimi langu ni ule mti."

Jaswinder akanywea. Akapangusa mdomo. "Na huyu dada yako anakaa wapi?"

"Chini ya tuta."

Jaswinder alipanda foklifti yake akaisogeza ikaziba njia nzima, supavaiza asipite, kisha akajifanya imemharibikia.

"Vai, niweke spika," alisema Godlisten. Akajikaza kisabuni. "Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba!" likaja jibu, la wengi.

"Kateni. Chimbueni na mizizi yote, msiache hata uzi. Mjaze udongo wa mfinyanzi, mshindilie vizuri." Sauti ikamtoka vibaya. "Mama atanisamehe."

"We mtoto!" Alikuwa bibi mmoja, rika la mama. "Mama yako angeshaung'oa zamani. Sisi ndio tulikuonea huruma."

Kicheko kikapasuka kule tutani. Godlisten naye akacheka, machozi yanamtiririka hadharani, wala hakuyafuta. Kisha akalisikia shoka la kwanza, akakata simu. Hilo hakuliweza.

Saa ya chakula cha mchana Vaileth alipiga tena. Mti ulikuwa umelazwa pembeni. Wanawake walikuwa wakishindilia udongo wa mfinyanzi kwa miguu, wanaimba, na mawingu yameshika vilele vyote. Maji kule chini yamepungua, alisema, ila bado yana rangi. Watalala zamu wakiyaangalia.

Ndipo Godlisten akaona jambo ambalo hakulitegemea. Bibi yule alitandika mkeka kando ya udongo mpya. Akavua ndala, akakaa. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, mashoka wameyaweka chini, na mtu akaanzisha wimbo wa mazishi kwa sauti ya chini.

"Wanafanya nini, Vai?"

"Tunakaa matanga, kaka. Ya kwako. Wewe hukuwahi kukaa."

Godlisten akatazama huku na huku. Kisha, na kizibao chake cha njano, akajishusha taratibu akakaa kwenye saruji baridi kati ya maboksi, akaiweka simu mbele yake. Jaswinder alikuja na sahani yake ya wali, akamwona. Akaiweka sahani chini. Akavua viatu vyake vizito vya kazi, akavipanga pembeni, akakaa naye.