Kamba ya Mateka

Kamba ya kwanza Madina aliitengeneza laini. Aliikata kutoka ngozi ya mbuzi iliyokwisha kulainishwa, akaisuka nyuzi tatu, akaipaka siagi mpaka ikateleza mkononi. Gaster aliinusa, akaizungusha kidoleni, akacheka.

"Hii ni mkanda wa suruali," alisema. "Nataka ngozi ya kweli. Mbichi, ngumu. Mateka wa zamani hawakufungwa kwa mkanda wa suruali."

Gaster ndiye aliyeanzisha Watu wa Ngao, vijana wa mji wa Jinja, Uganda, ambao kila walipopata nafasi walivaa kama raia wa ufalme ambao haujawahi kuwepo, wakaenda kutembea porini. Ufalme wenyewe waliuita Nchi ya Ngurumo. Walivaa vitambaa vya gome la mti na ndara za ngozi, wakabeba maji kwenye vibuyu. Chochote chenye plastiki au zipu kilipigwa marufuku, isipokuwa simu ya Cissy, mpiga video wao, iliyofichwa ndani ya kibuyu kilichotobolewa tundu la kamera. Kibuyu hicho kiliitwa Jicho la Mfalme. Mfalme alikuwa Gaster.

Ngozi zote zilikuwa kazi ya Madina. Alisomea sanaa na ubunifu chuoni, kisha akarudi kwa mama yake, katika nyumba ya Kinubi mtaani Mpumudde, akafanya karakana kwenye baraza. Ngao zilichongwa na Wanyera, fundi simu wa mjini, kijana wa Kigisu kutoka Busiu, upande wa Mbale. Madina alikuwa akipita kibandani kwake na kusimama pembeni, akimtazama anavyoshika bisibisi nyembamba kama sindano na kutoa skrubu ambazo yeye hata hakuziona. Vidole vyake havikutetemeka kamwe. Vidole hivyo ndivyo vilivyomlisha Wanyera, vikamsomesha na mdogo wake.

Basi Madina akatengeneza kamba ya pili, ya ngozi ya ng'ombe iliyokwanguliwa manyoya na kuanikwa tu juani. Alipomkabidhi Gaster alijikaza kusema.

"Isilowe. Na ikilowa, usiikaze. Ngozi mbichi ikikauka inajivuta."

"Sawa, fundi," alisema Gaster, macho yakiwa kwenye kamba.

Safari hiyo walikwenda Mbale, wakapanda mlima Wanale. Kila safari mfalme aliteua mateka mmoja, akafungwa mikono mbele na kuongozwa mpaka mwisho wa njia, ambako baraza lilimhukumu kwa vicheko na kumfungua. Walipomaliza kupanda ngazi za mwambani na kutokea juu, penye mashamba ya vitunguu, Gaster aliinua mkuki wake butu.

"Leo tuko kwao Wanyera. Mwenyeji ndiye wa kutekwa!"

Wote walishangilia. Wanyera alicheka nao, akanyoosha mikono.

Madina alitembea mwisho. Gaster aliwahi kutangaza kwamba katika Nchi ya Ngurumo mafundi hutembea nyuma ya mbuzi, na kwa kuwa hawakuwa na mbuzi, Madina alitembea nyuma ya mzigo wa Cissy. Tena fundi hakuruhusiwa kumsemesha mfalme mpaka asemeshwe. Kwa mtu mwenye haya kama yeye, sheria hiyo haikuwa imemsumbua hata siku moja.

Mvua iliwakuta kwenye uwazi, hapakuwa na pa kujificha. Ilipopungua, kamba ilikuwa imelegea kama utumbo. Wanyera, kwa mzaha, alichomoa mkono mmoja akampungia Cissy.

"Mateka anatoroka!" alipiga kelele Cissy.

Gaster alirudi nyuma mbio. Aliurudisha mkono ule, akazungusha kamba upya, akaweka goti kwenye mikono ya Wanyera ili apate nguvu, akavuta kwa uzito wake wote. Akapiga fundo, na juu yake fundo jingine.

Madina alipita mbele ya watu wote.

"Gaster, imelowa. Nilikuambia. Jua likitoka itambana."

Gaster aliwageukia wenzake. "Nani kampa fundi ruhusa ya kusema?"

"Hakuna!" walijibu.

"Arudi kwa mbuzi wake!"

Wakamwigizia sauti ya mbuzi mpaka aliporudi mwisho wa mstari.

Jua lilitoka kali, na upepo wa mlimani juu yake. Madina aliona kamba ikibadilika rangi, kutoka kijivu cha maji hadi manjano, kisha ikaanza kung'aa. Aliona Wanyera ameacha kuzungumza. Nzi alitua mdomoni mwake, na Wanyera akainua mikono kumfukuza. Mikono ilifika lakini vidole havikufunguka. Alimsugua nzi yule kwa nyuma ya kiganja. Vidole vilikuwa vimevimba, rangi ya zambarau kama jambula lililoiva.

Madina alisogea karibu naye. Kisu chake cha kukatia ngozi kilikuwa kiunoni.

"Wanyera, ngoja niikate kamba. Haraka, kabla hawajageuka."

"Kaa mbali. Cissy anarekodi."

"Unavihisi vidole?"

Wanyera aliisogeza mikono tumboni.

"Hata kama wewe ni mateka, mwambie Gaster—"

"Madina, mimi Mgisu. Nilisimama mbele ya kisu cha tohara kijiji kizima kikinitazama, sikupepesa jicho. Leo nilie kwa ajili ya kamba? Nifunguliwe na msichana, halafu Jinja nzima ione?"

Gaster alisikia sauti zao. "Vipi huko? Mtahiriwa wetu anaomba maji?"

"Naomba mfalme mwingine," alisema Wanyera. "Huyu anatembea polepole."

Walicheka, na Wanyera akacheka pia. Jasho lilimtoka hadi kwenye nyusi. Madina alirudi nyuma akiwa ameshika mpini wa kisu, na safari ikaendelea.

Karibu na kijiji walikutana na mwanamke mwenye gunia la vitunguu kichwani na panga mkononi. Alisimama, akaliteremsha gunia polepole.

"Wanyera?"

Alikuwa Nambozo, dada wa marehemu baba yake.

"Shangazi. Tunacheza tu."

Nambozo aliwatazama mmoja mmoja, na mikuki yao, na magome yao. "Mchezo gani huu anaocheza mmoja?" Aliikamata mikono ya mpwa wake na kuigeuza. Uso ulimbadilika. Alijaribu kupenyeza ncha ya panga chini ya kamba, lakini kamba ilikuwa imezama ndani ya nyama, na nyama imeifunika pande zote mbili. "Nani ana kisu kidogo?"

Safari hii Madina hakungoja ruhusa. Alipiga magoti kwenye tope. Nambozo alishika mikono, naye akakata kidogo kidogo, akichelea mishipa. Kamba ilipasuka kwa sauti ya kijiti kikavu.

Kwa muda mfupi hakukuwa na kitu. Kisha damu ikarudi vidoleni, na Wanyera akapiga ukelele. Haukuwa ukelele wa mtu mzima. Alianguka kwa ubavu, akajikunja matopeni, akamwita mama yake.

Kibuyu cha Cissy kilikuwa kimemwelekea.

"Eeh!" alisema Gaster. "Mgisu amelia!"

Video ile ilifika Jinja kabla yao. Ilipitishwa kwenye simu ambazo Wanyera mwenyewe alikuwa amezitengeneza. Vijana walikuja kibandani, wakamwigiza akimwita mama yake, wakaenda zao wakicheka. Kibanda chenyewe kilikuwa wazi bure, kazi haikufanyika. Daktari wa Mbale alisema mshipa wa fahamu wa mkono wa kulia umepondeka. Kidole gumba na cha shahada havitashika tena kama zamani.

Baraza la Watu wa Ngao lilikutana uani kwa Gaster. Alikaa kwenye kigoda chake, joho la gome mabegani.

"Fundi," alisema. "Leo unaruhusiwa. Ngozi yako ilikuwa na nini?"

"Haikuwa na kitu. Uliikaza ikiwa imelowa. Nilikukataza mara mbili."

"Tusishangae, jamani. Wanubi babu zao walikuwa askari, kufunga watu ndiyo kazi yao. Afande Madina!"

Mmoja alisimama akampigia saluti. Wengine wakamfuata. Mzee wake Gaster alibeba funguo za magereza maisha yake yote, lakini hilo hakuna aliyelitaja.

"Tumuulize mwenye mkono," alisema Gaster.

Wanyera alikuwa amekaa upande wa mfalme, bandeji mkononi. Madina alimtazama. Alikuwa na hakika kwamba atasema kweli, na kwa sababu ya hakika hiyo alipata nguvu ya kusimama wima.

"Ngozi ilitiwa dawa," alisema Wanyera. Alikuwa anatazama chini. "Haikunibana. Iliniunguza. Ile ilikuwa dawa. Mtu yeyote angelia."

Gaster aliitikia kwa kichwa. Mtu yeyote angelia: hayo yalimtosha, na yalimtosha Wanyera pia. Walimwambia Madina avue joho. Alilishona mwenyewe, lakini walisema ni mali ya ufalme. Akalivua, akarudi nyumbani kwa miguu, nyuma yake mtu akipiga sauti ya mbuzi.

Wanyera alikuja Mpumudde baada ya wiki kadhaa. Mama yake Madina alimkaribisha barazani na kwenda zake jikoni. Bandeji ilikuwa imetolewa. Alivaa shati la mikono mirefu, na joto la siku ile lilikuwa kali.

"Nataka unishonee kitu," alisema. "Cha kuvaa hapa, chenye mfuko mdogo wa kushika bisibisi. Nikikifunga mkononi naweza kujaribu tena kazi."

Madina alichukua futi yake ya kupimia. Alimfungua kifungo cha shati kwenye kifundo cha mkono, akakunja kitambaa juu. Kovu lilizunguka kama bangili. Alipolizungushia futi, Wanyera alishtuka.

"Usikaze."

"Sikazi." Alipima. "Uwaambie kwanza."

"Niwaambie nini?"

"Kwamba haikuwa dawa."

"Madina, dada yangu, wewe huelewi. Wameanza kusahau. Nikisema ilikuwa kamba tu—"

"Ilikuwa kamba tu."

"Basi nitakuwa nimelilia kamba! Mbele ya shangazi yangu!" Alishusha sauti. "Wewe una roho nzuri. Kila mtu anajua. Nishonee tu."

Madina aliifungua futi, akaikunja, akaiweka mfukoni. Kisha akavuta kigoda chake na kurudi kwenye kazi aliyokuwa akiifanya, ndara za mtoto wa jirani. Akatoboa tundu, akapitisha uzi.

Wanyera alingoja. Alipoona kweli hatainuka, aliteremsha mkono wa shati juu ya kovu, akajaribu kufunga kifungo kwa mkono wa kushoto. Kilimponyoka. Akajaribu tena, akikibana tumboni kwa mkono wenye kovu. Kikamponyoka tena. Akakiinamia kwa meno. Alikuwa umbali wa kunyoosha mkono tu kutoka kwa Madina.

Madina alikuwa ameacha kushona. Alimtazama mpaka Wanyera alipochoka, mpaka aliposhuka barazani na kuondoka, mkono wa shati ukining'inia wazi. Ndipo akashika tena sindano.