Boksi la Kahawa Mbele ya Rejeta

…inua taa kidogo, mama, ananiambia, nami nainua, mkono umekufa ganzi, gereji baridi kama tumbo la samaki, na huyu mkwe wangu Royce, mume wa binti yangu Karin, amepiga magoti mbele ya gari anafunga kipoza oili ya giaboksi, kipoza, jamani, Minnesota, Januari, ukipenga kamasi linadondoka jiwe, na ndivyo nilivyosema jana kwenye kahawa ya kanisani baada ya ibada, nikasimama kabisa, nikaigiza anavyotembea, shoga yangu Verna akashika meza, "Lempi, niache, nitajikojolea! Mkwe kachemsha gari juu ya barafu?", ndiyo, kachemsha, si ni mtu wa Luiziana huyo, kwao joto, anavuta kwa gari banda la kuvulia samaki juu ya ziwa lililoganda, theluji magotini, giaboksi inanuka kama mkate ulioungua… oili ipite kwanza kwenye kipoza, anajisemea, kisha irudi kupitia rejeta ipate uvuguvugu, ikiganda kama uji giaboksi itagoma, anajua, kumbe anajua, na mimi kanisani sikulitaja boksi, boksi langu la kahawa, nililikata juzi asubuhi nikalichomeka nyuma ya wavu wa mbele, marehemu mume wangu alifanya hivyo kila baridi, nani hapa hafanyi, upepo usipige rejeta, hita iwahi, miguu yangu hii, akanishusha kwa Verna, akaenda kufunga banda nyuma, nami sikumwambia alitoe, gari zima limezibwa pumzi, na aliporudi anavutwa na trekta nikalichomoa wakati anavua buti, nikalificha chini ya koti, bibi mzima, kama mwizi wa kuku… "Karin hataki niwapeleke watoto ziwani tena, mama," anasema, anakaza klipu, "anasema siijui nchi hii, labda kweli," nami najibu mh, mh tu, mdomo ulioangusha ukumbi mzima jana leo unasema mh… kidole chake kimegusa kitu, anakivuta polepole, kipande cha boksi, kilibaki pembeni mwa rejeta, kimelowa, kina picha ya nusu ya kikombe chekundu, na katika nyumba hii ni mimi peke yangu ninayekunywa kahawa hiyo, anakitazama, hanitazami, anakitia mfukoni, anaokota bisibisi… sema basi, nitukane, nipate la kujibu… "Mama, siku ukisikia baridi niambie tu, nitakuwashia gari mapema," na hamna kejeli humo, ningeinusa, mimi ndiye fundi wa kejeli, na nilimwigiza mwendo, Mungu wangu, mbele ya watu… Karin yuko jikoni, namsikia anapanga sahani, mlango ni huo hapo, nitamwambia yeye kwanza, mbele ya watoto, halafu Verna, na Verna atalizungusha neno hilo mpaka barafu iyeyuke, nilivyokata, nilivyochomeka, nilivyoficha, ataniigiza hata na koti, acha aniigize, safari hii wamcheke anayestahili kuchekwa… "inua taa kidogo, mama"… nainua.