Pacha Aliyerefuka kwa Kazi

Mama alipopata zamu ya asubuhi kiwandani, aliwapangia pacha wake kazi za nyumbani. Walikuwa na miaka sita, wakiitwa Kaka na Dada. Wakiamka watandike, wafagie, waoshe vyombo vya chai. Hata wiki haijaisha, baba akamnyang'anya Kaka ufagio.

"Huyu mwache acheze. Dada yake si yupo?"

Basi Dada akafanya za wote wawili, na kila alipomaliza kazi moja alirefuka kidogo. Akikung'uta shuka, gauni linampanda magotini. Akisuuza sufuria, viatu vinambana. Majirani walimsifu, wakasema mtoto ana mwili wa kazi. Watu bwana! Na kwa kuwa sasa alifikia jiko bila kupanda kigoda, akaongezewa kupika.

Mama roho ilikuwa juu juu. Shule zilikaribia kufunguliwa, na Dada alishaanza kulalamikia kiuno.

Jioni moja, baba hajarudi, Kaka akaosha kikombe chake mwenyewe, basi tu kwa kupenda povu. Dada akapungua. Mama aliona kwa macho yake: mabega yakashuka, na pengo la meno ya mbele likarudi mahali pake. Mama akamsogezea Kaka sahani, kisha nyingine, kisha sufuria, haraka haraka, sikio lake likiwa mlangoni. Dada alikuwa anamfikia mama kifuani pale mlango ulipofunguliwa.

"Unamfanya mwanangu mwanamke?" baba akauliza, wala hakupaza sauti.

Dawa mama alishaijua. Ilikuwa imesimama mbele yake, ina povu hadi viwikoni. Lakini alimwogopa mumewe, na aliogopa sana. Akamfuta Kaka mikono, akampa Dada sifongo.

Siku ya kuandikisha walikwenda wote wanne. Dada alikuwa amempita mama kwa kimo, na unywele mmoja mweupe ulimtoka chini ya kilemba. Mwalimu akamwamkia Dada kwa adabu, "Shikamoo, mama," kisha akawageukia wazazi.

"Mnaandikisha mtoto mmoja?"

Baba alikuwa anaangalia saa yake. Mama akamsogeza Kaka mbele.

"Mmoja," akasema.

Dada aliinama, akamfunga Kaka kamba za viatu. Akachungulia darasani, kwenye vile viti vidogo, kisha akaomba ruhusa aende. Alikuwa ameacha maji motoni.